Siku Breki Iliposhika

Nilistaafu mwezi uliopita, na bado nikisikia gari linalia breki nanyanyuka kitini. Mke wangu anasema mimi nimehama gereji lakini gereji haijanihama. Juzi hapa Msimbazi nimemgongea kioo dereva wa teksi nisiyemjua, nikamwambia pedi zake za mbele kulia zimekwisha, kinachosaga ni chuma kwa chuma. Akanitazama akidhani nataka kumuuzia kitu. Wala! Nilikuwa nimefurahi tu kwamba nimezisikia kutoka ng'ambo ya barabara, na masikio yangu haya ya miaka sitini na mbili, katikati ya wauza maji na mikokoteni.

Mafundi wenzangu mliobaki gereji kule mtaa wa Gerezani mmeniomba niwaandikie niliyoyaona. Haya, nimekaa. Vyeo sitavitaja, maana kwetu vilikuwa viwili tu, anayelala chini ya gari na anayemtupia spana. Mshahara nao tuuache ulale, haujawahi kuamka. Nitaandika habari za breki, pedi na diski, kwa sababu ndizo nilizozijua, na kwa sababu kuna gari moja nililolifunga vibaya mwaka wangu wa mwisho na sitaki mje msimuliwe na watu wengine. Kosa likisimuliwa na wengine linanenepa.

Nilifika Gerezani nina miaka kumi na tisa, natokea Mchikichini nilikokuwa namsaidia mjomba kuuza viatu vya mitumba. Ujuzi wangu wote ulikuwa kuangalia soli imelika upande gani na kumwambia mteja mwenye kiatu alikuwa anatembeaje. Sikujua kwamba ndiyo elimu yenyewe. Pedi nayo inalika kama soli, na ukiitazama vizuri inakuambia gari limeishije.

Aliyenipokea alikuwa Mzee Kondo, Mzaramo mfupi, miwani kaifunga kwa uzi kisogoni, mkali kama pilipili. Siku ya kwanza hakunipa spana. Alinipa diski iliyokwisha kazi, duara la chuma kubwa kiasi cha sinia dogo, akasema, "Soma."

"Nisome nini, mzee?"

"Si umefika la saba wewe? Soma!"

Nikaigeuza huku na huku mpaka nikaona, pembeni, chini ya kutu, kuna tarakimu zimegongwa. Ndio unene wa mwisho. Diski ikilika kupita hapo, haifai tena kufungwa kwenye gari la mtu mwenye watoto. Nilishangaa mpaka nikacheka peke yangu. Miaka saba darasani na hakuna mwalimu aliyeniambia kwamba chuma kina maandishi! Siku nzima nilizunguka gereji nasoma diski za watu, hata za magari yaliyokuja kwa ajili ya taa, mpaka mwenye gari mmoja akauliza kama mimi ni mtu wa bima.

Kazi yenyewe ni rahisi kuieleza. Unalegeza nati tairi likiwa bado chini, unapiga jeki, unaweka stendi, unatoa tairi. Unafungua kalipa, ule mkono wa chuma unaozikumbatia pedi mbili na kuzibana kwenye diski. Unatoa pedi, unatoa diski, unasugua habu, kile kitovu kinachobeba diski, kwa brashi ya waya mpaka ing'ae, maana chembe moja ya kutu ikibaki nyuma diski itakaa upande na usukani utatetemeka. Diski mpya unaiosha yale mafuta ya dukani. Unairudisha pistoni, ile inayosukuma pedi, ndani polepole, unapaka grisi kwenye pini na siyo kwenye uso wa pedi (yupo aliyepaka, yuko kati yenu, jina nalihifadhi), unafunga. Kisha kabla gari halijasogea hata hatua moja, unakanyaga pedeli mpaka iwe ngumu. Asiyekanyaga atakumbushwa na ukuta.

Jambo moja Mzee Kondo alikuwa halisamehi. Ukifungua kalipa usiiache ining'inie kwa mpira wake, ule mpira mweusi unaoleta mafuta ya breki. Uifunge kwa waya kwenye springi. Siku niliyosahau, alinikamata ukosi wa ovaroli akanivuta juu mpaka nikasimama kwa vidole.

"Unapumua?"

"Kwa shida, mzee."

"Na mpira nao ni hivyo hivyo."

Mzee Kondo alitutoka zamani, Mungu amrehemu. Shingo yangu haijamsahau.

Kitu nilichokipenda kupita vyote ni kwenda kutafuta spea. Nyinyi siku hizi mnatuma picha kwenye simu, lakini sisi tulikwenda na sampo. Unachukua kitu kibovu chenyewe, unakifunga kwenye gazeti, unakibeba kwapani, unaingia nacho Kariakoo duka kwa duka. Muuzaji hakuulizi gari la mwaka gani. Anakipokea, anakipima kwa kiganja, anapotelea ndani, na wewe unabaki mlangoni moyo unadunda kama unasubiri matokeo ya mtihani. Akitoka na yenyewe, ah! Diski mpya niliitundika kwenye kidole nikaigonga kwa spana na kuisikiliza. Nzima inaimba. Yenye ufa inakohoa, na muuzaji naye anaanza kukohoa.

Ubaya wa sampo ni mmoja. Ukienda nayo, gari linabaki wazi likikungoja, na Kariakoo haijui dakika kumi ni kitu gani. Hapo ndipo nilipoponzeka.

Bi Zuwena ana duka la vitambaa vya mapazia Mtaa wa Sikukuu, na anaishi Upanga, kwenye fleti, pamoja na mwanawe mkubwa Said. Wazee wao walitoka Arabuni zamani sana, na leo ukitaka kujua mtaa wowote wa Kariakoo ulikuwaje, waulize wao. Mumewe alikuwa mteja wangu miaka mingi. Alikuwa na gari, saluni ndogo nyeupe ya Kijapani, ya zamani, aliyoiosha mwenyewe kila Ijumaa. Alipofariki, gari lilikaa chini ya turubai mwaka mzima. Kisha Bi Zuwena, na miaka sitini yake, akaenda shule ya udereva bila kumwambia mtu, akapata leseni, akarudi nyumbani akalivua gari turubai mbele ya majirani.

Said hakupenda. Na Said ni mtoto mwema, hapo ndipo ugumu ulipo, maana mtoto mbaya ungemgombeza yakaisha. Yeye alikuwa akimpeleka mama dukani asubuhi na kumrudisha jioni. Akimpeleka hospitali, msibani, harusini. Ila kila safari lazima aulizwe kwanza ana nafasi saa ngapi, na mama alikuwa amechoka kuomba. Wakakubaliana hivi: gari litengenezwe, likiwa salama mama ataendesha. Likisumbua mara moja tu, linauzwa. Mnunuzi, Said alikuwa keshampata, kazini kwake huko.

Bi Zuwena alilileta mwenyewe Gerezani, Alhamisi asubuhi, kaketi wima nyuma ya usukani.

"Mzee Omari, breki haishiki," akaniambia. "Nakanyaga leo, inasimama kesho."

"Itashika, Bi Zuwena. Nakuahidi, itashika."

"Sikiliza. Tangu niolewe sijawahi kufika mahali bila mwanamume kujua nafika saa ngapi." Akacheka, lakini macho hayakucheka. "Gari hili likiuzwa, narudi kukaa kiti cha nyuma mpaka nife. Umenielewa?"

Nilimwelewa, na nilipatwa na hamu ya kazi ambayo sikuwa nayo miaka kumi. Nikatoa matairi ya mbele. Pedi zilikuwa nyembamba kama biskuti, na diski nikazipima kwa venia, kile kipimo cha unene, zote mbili zimepita tarakimu ya mwisho. Nikafungua upande wa kulia, kalipa nikaifunga kwa waya vizuri. Nikafungua wa kushoto. Waya mwingine ulikuwa kwenye boksi, hatua tatu kutoka nilipokuwa. Hatua tatu! Ila nilikuwa na furaha mno, nimekwishaikumbatia diski kwenye gazeti, nawaza duka gani nianze nalo. Nikajisemea narudi sasa hivi. Nikaiacha kalipa ya kushoto ining'inie kwa mpira wake.

Duka la kwanza hawana. La tatu wanayo moja tu, ya pili imeisha. La tano ikakohoa. Adhuhuri ikanikuta njiani nikaswali, nikarudi mitaani, nikapata mbili zinazoimba na pedi zake, nikafika gereji baada ya saa mbili na ushee nikiwa na jasho na furaha. Kalipa ilikuwa bado inaning'inia. Nikaipokea kwa mikono miwili, nikautazama mpira. Kwa nje ulikuwa mzima.

Nikafunga. Pedeli ikawa ngumu, nikazunguka na gari mtaani mara mbili, likasimama kama limeamriwa. Alasiri Bi Zuwena akaondoka nalo, na mimi nikaagiza chai.

Chai haijapoa, simu ikaita. Alikuwa Bi Zuwena, kwenye foleni, magari yamesimama.

"Fundi! Breki imeshika!"

"Alhamdulillah!"

"Nasema imeshika! Imeshika kabisa!"

"Si nilikuahidi, Bi Zuwena? Imeshika!"

"Kwa hiyo niendelee?"

"Endelea! Endelea tu, usiwe na wasiwasi!"

Nikakata simu nikawaambia mliokuwepo, mnakumbuka, "Mama wa watu kafurahi mpaka anapiga simu barabarani." Mkanipigia makofi.

Sasa nyinyi mmezaliwa na Kiswahili kama mimi, hebu litazameni neno lenyewe. Breki haishiki, maana yake mbovu. Breki inashika, maana yake nzima. Na breki imeshika? Inaweza kuwa nzima, sifa kwa Mungu. Inaweza pia kuwa imekamata tairi na haitaki kuliachia. Miaka arobaini na zaidi nimelitumia neno hilo kila siku kwa maana zote mbili, na sikuwahi kufikiri kwamba siku moja mtu ataniambia moja nami nisikie nyingine. Nilisikia nilichotaka kusikia.

Bi Zuwena akatii. Gari likawa zito, akaongeza mafuta, maana fundi kasema endelea. Harufu ikaja, akafungua kioo. Akavuka makutano ya Fire, akaingia Upanga na moshi unatoka tairi la kushoto, mpaka madereva wa bajaji wakaanza kupiga kelele, "Mama, simama! Tairi linawaka!" Akasimama. Hapo akatokea msamaria mwema na dumu la maji, akamimina lote juu ya diski yangu mpya iliyokuwa ya moto wa kukaangia chapati. Chiii! Diski ikapinda. Msamaria nasikia alishukuriwa sana, na kwa haki, yeye hakujua.

Nilijua yote hayo simu ilipoita tena. Alikuwa Said.

"Shikamoo, mzee."

Hata salamu siku ile ina neno lile ndani yake. "Marahaba, mwanangu."

"Mzee, inakuwaje unamwambia mama aendelee na breki imeshika?"

Nilikaa juu ya boksi la spana, na niliona aibu ambayo sijaiona tangu niwe mtu mzima. Nikaona ule mpira wa kushoto, nikaona waya kwenye boksi, nikakumbuka ukosi wangu mkononi mwa Mzee Kondo. Mama yule angeweza kuungua au kugonga mtu. Na gari lake lilikuwa limekwisha kuuzwa, mimi ndiye niliyeliuza kwa neno moja kwenye simu.

Nikapanda bajaji nikaenda Upanga, nikakuta gari limevutwa mpaka chini ya fleti yao. Nilikaribishwa, nikaletewa kahawa, na hilo liliniumiza zaidi kuliko kama wangenifokea. Bi Zuwena alikaa pembeni, bado kavaa baibui. Said ndiye aliyesema, kwa adabu, amesimama.

"Mzee, tulipatana. Likisumbua mara moja, linauzwa. Mnunuzi anakuja Jumamosi saa nne asubuhi."

"Said," nikasema, "gari halina kosa. Kosa ni langu. Niliacha kazi ikining'inia, tena nikamjibu mama vibaya. Nipe mpaka hiyo Jumamosi saa nne. Nitalitengeneza hapa hapa chini, uone kwa macho yako."

Said akatikisa kichwa. Ndipo mama yake akafungua mdomo.

"Said. Aliyekosa nani, gari au fundi?"

"Fundi, mama. Kasema mwenyewe."

"Basi tumuuze fundi, gari libaki."

Said akashindwa kujizuia, akacheka mpaka akakaa. Mimi sikujua nicheke au niondoke. Nilipewa mpaka Jumamosi saa nne.

Ijumaa asubuhi nilikuwa Upanga na jeki yangu na stendi, nimejaa hamu tena, maana sasa ilikuwa kazi ya upelelezi. Said alishuka akiwa keshavaa kanzu nyeupe ya Ijumaa. Nikamwomba aketi ndani akanyage mara moja na kuachia. Akakanyaga, akaachia. Nikalizungusha tairi la kulia, likaenda. La kushoto halikwenda. Linang'ang'ania, na mguu wake hauko kwenye pedeli!

Sasa ni nini? Inaweza kuwa pistoni imeganda. Inaweza kuwa pini kavu. Inaweza kuwa ninachokiogopa. Nikalegeza nati ya bomba pale juu, kabla ya mpira. Mafuta yakavuja kidogo tu, na tairi likabaki limekaza. Said akawa ameshatoka garini, kainama pembeni yangu, kanzu kaikusanya mkononi. Nikaja kwenye kalipa, kile kichwa kidogo cha kutolea upepo, nikakilegeza robo mzunguko. Chwii! Mafuta yakaruka, na tairi likazunguka kwa kidole kimoja!

"Umeona?" nikapiga kelele. "Umeona, Said? Juu hakuna nguvu, chini kuna nguvu! Imefungiwa katikati, kwenye mpira!"

Nikautoa mpira, nikaupasua kwa kisu pale pale kwenye saruji. Kwa nje mzima kabisa. Ndani, ngozi yake ilikuwa imechanika ikatoa ulimi mdogo. Ukikanyaga, mafuta yanausukuma yanapita. Ukiachia, ulimi unarudi unaziba mlango, mafuta hayarudi, pedi zinabaki zimeibana diski mpaka inaungua. Nikamwekea Said kiganjani, nikamwambia kila kitu, kuhusu waya na hatua tatu.

Aliutazama muda mrefu. Matone mawili ya mafuta ya breki yalikuwa yameingia kwenye kanzu, hakuyaona, nami sikumwonyesha.

"Kwa hiyo siyo gari," akasema.

"Siyo gari."

"Wala siyo mama."

"Mama alifanya alivyoambiwa na fundi. Dereva gani mwingine anafanya hivyo?"

Ijumaa ile ile nikaingia Kariakoo na sampo mbili kwapani, mpira uliopasuliwa na diski iliyopinda. Nikanunua mipira miwili, kwa sababu wa kulia ulikuwa wa umri ule ule. Nikanunua diski moja ya kushoto, ndugu wa ile ya kulia iliyokuwa na siku moja tu. Na pedi, maana zile za kushoto zilikuwa makaa. Wauzaji waliniona nimerudi wakauliza kulikoni. Nikawaeleza. Mjini hapa kosa ukilieleza mwenyewe watu wanakupa na kiti.

Jumamosi jua linachomoza nilikuwa nimelala chini ya gari. Said akashuka na fulana mbovu, bila kuitwa, akaketi kwenye usukani. Kutoa upepo kwenye breki ni kazi ya watu wawili, mmoja anakanyaga, mwingine anafungua na kufunga chini, na mnaongea kwa kupokezana.

"Kanyaga!"

"Nimekanyaga!"

"Ganda hapo hapo!"

"Nishike?"

"Usiseme neno hilo!" nilipiga kelele mpaka jirani mmoja akachungulia dirishani. "Neno hilo limekufa! Sema nimeganda!"

"Nimeganda, mzee!"

"Achia!"

Mnajua nyinyi ile hali, vipovu vinatoka, vinapungua, kisha mafuta yanakuja safi kama uzi. Nilikuwa sioni uso wa Said lakini niliisikia sauti yake ikibadilika. "Mzee! Imekuwa ngumu! Inanirudishia mguu!" Mtu mzima, meneja ofisini kwake, anashangilia pedeli. Nilimpenda sana pale.

Kwetu aliyefunga breki ndiye anayekaa kiti cha abiria safari ya kwanza. Ukikataa kupanda, mteja naye ana haki ya kukataa kuondoka. Said alitaka aendeshe yeye kwanza. Bi Zuwena akatokea mlangoni na miwani yake na mkoba, ufunguo mkononi, hakujadili. Ilikuwa saa tatu kamili. Nikapanda na grisi yangu.

Nikamwelekeza namna ya kuzizoesha pedi mpya: kimbia kidogo, punguza taratibu bila kusimama, ziache zipoe, rudia. Alifanya kila kitu kwa uangalifu, midomo inasema bismillahi kila akikanyaga. Upanga tuliizunguka mara tatu. Breki ilikamata na kuachia, kukamata na kuachia, usukani umetulia mkononi mwake, na mimi nilikuwa na furaha ya kutaka kuimba. Tukatokea Fire. Akawasha taa ya pembeni, akasimama kando ya barabara taratibu.

"Shuka uguse matairi," akasema.

Nikashuka. Nikapeleka mgongo wa mkono kwenye tairi la kulia, nikazunguka kushoto. Joto sawasawa.

"Sawasawa, Bi Zuwena! Huku kama kule!"

"Una hakika?"

"Nakuapia."

"Basi funga mlango."

Nikakamata kitasa nipande.

"Kwa nje, Mzee Omari."

Nilisimama pale nimetoa macho. Swali likanitoka kabla sijalifikiri, "Unaelekea wapi?"

Akanitazama juu ya miwani. "Na wewe pia?"

Nikafunga mlango, kwa nje. Akatazama kioo, akangoja basi lipite, akaingia barabarani. Niliitazama taa nyekundu ya nyuma ikiwaka na kuzimika, ikiwaka na kuzimika, mpaka saluni ndogo nyeupe ikapotea katikati ya magari mengine. Sikuwa na nauli wala simu, vyote viko kwenye koti langu Upanga, na ovaroli imechafuka mpaka hakuna bajaji ambayo ingenibeba. Nikarudi kwa miguu nacheka mwenyewe. Kazi yote niliyoifanya maishani, na sijawahi kufurahi kama asubuhi ile niliposhushwa njiani na mteja.

Said alikuwa chini ya fleti, anakusanya spana zangu kwenye boksi. Alipoona naja peke yangu akasimama.

"Mama yuko wapi?"

"Kaendelea."

"Kaenda wapi?"

"Hakusema."

"Mzee, umemwacha peke yake?"

"Mwanangu, mimi ndiye niliyeachwa."

Akatoa simu ampigie, na kabla hajabonyeza ikaita mkononi. Nilisikia sauti ya mwanamume, yule mnunuzi, ikisema yuko getini, aingie? Ilikuwa saa nne. Said akatazama pale mahali patupu, turubai limekunjwa ukutani na doa la mafuta kwenye saruji.

"Gari halipo, ndugu yangu," akasema. "Limetoka na mwenyewe."